Tiketi ya ndege: angalia kilomita kwanza, bei baadaye

Lalamiko linalonifikia kila mara ni lile lile, wasomaji wanasema waliambiwa safari ni masaa nane alafu wakafika kesho yake wamechoka hoi. Sasa leo siongelei begi wala siti wala msosi, hayo kila mtu anayaangalia. Naongelea njia. Tiketi inaweza kukurudisha nyuma kabla haijakupeleka mbele na muuzaji atanyamaza kimya.

Chukua London Heathrow kwenda New York JFK, mstari mfupi ni kama kilomita 5,540. Ukipitishwa Istanbul unaruka kwanza kama 2,500 kuelekea mashariki, alafu unageuzwa kama 8,000 kwenda magharibi, yaani karibu mara mbili ya safari yenyewe, na bado hujahesabu kukaa transiti ukisubiri ndege ya pili.

Namba moja kwangu ni ndege isiyotua njiani, hapo sina mjadala. Ila usiamini zile kalkuleta zinazogawanya umbali kwa kilomita 900 kwa saa, zitakupa masaa sita na kidogo wakati ratiba ya kwenda New York ni kama masaa 8 na kurudi ni kama 7, kwa sababu upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ratiba inaanza ndege ikiondoka getini mpaka iegeshwe, foleni ya kuruka imo humo humo. Na njia yenyewe inaweza kubadilika: Helsinki kwenda Tokyo, Finnair, shirika la ndege la Finland, walikuwa wanatumia kama masaa tisa na nusu, tangu anga la Urusi lifungwe kwao 2022 wanazunguka, inafika kama 13.

Namba mbili ni kutua mara moja, tiketi moja, na uwanja wa katikati uwe upande ule ule unakoelekea. London kwenda Bangkok ni kama 9,600, ukipita Doha inakuwa kama 10,500, hiyo naikubali kabisa. Mimi nyongeza ikizidi robo ya mstari mfupi naachana nayo hata kama bei tamu.

Kupima natumia tovuti ya Great Circle Mapper na sioni wa kuifikia. Unaandika herufi tatu za kila uwanja, mfano LHR-IST-JFK (Heathrow, Istanbul, JFK), inakuchorea njia na kukupa umbali wa kila kipande na jumla, bure. Chagua kilomita tu, maana maili ya kawaida ni kilomita 1.609 na ya anga ni 1.852, ukichanganya umepotea.

Namba tatu, tiketi mbili za kuunga mwenyewe: bei yake ni nafuu, ila ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri na hakuna anayedaiwa kukutafutia nyingine.

Kinachoniudhi sana ni wauzaji wanaoandika masaa ya angani kwa herufi kubwa alafu masaa ya transiti wameyaficha mpaka ubonyeze mara mbili tatu, na ile tiketi ya kukuzungusha wanaipachika juu kabisa kama ndo chaguo bora! Huku ndege inayokupeleka njia fupi kuliko zote ndo inauzwa ghali zaidi. Kwa hiyo kama unanunua kwa wakala, mwambie akuandikie herufi tatu za kila uwanja utakaopita na jumla ya masaa kutoka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho, transiti ikiwemo, kabla hujatoa hela, akizungushazungusha maneno nenda kwa mwingine.