Trening ya majanga kwa mavolantia: slaidi hapana, ile drili ya saa ya chai ndio mlipie

Watu wamekuwa wakiniuliza hii trening ya majanga grupu letu lilifanya ilikuwa aje, wacha niandike hapa mara moja. Jina la kampuni sitaji juu kuna pahali nitawasema na sitaki maneno, ukitaka namba ulizia inbox. Sisi ni mavolantia wa mtaa huku Eastlands, vijana wa boda, maasha (ushers) wa kanisa, wazee wa nyumba kumi na akina mama wa chama, pesa tulichanga wenyewe.

Jumamosi asubuhi ilikuwa slaidi tupu, Kiingereza mwanzo mwisho, na picha za watu wamefukiwa na theluji. Theluji jamani! Sisi huku shida zetu ni gesi, moto, ploti kuanguka na mto kuingia kwa nyumba, mwaka 2024 pekee Februari gesi ililipuka Mradi kule Embakasi, Aprili mafuriko yakabeba Mathare, na hakuna hata slaidi moja ya hayo. Nikaona hapa tumeliwa.

Halafu ikafika chai. Watu wameshika mandazi, mlango unasukumwa, jamaa anaingia akipiga nduru shati yote nyekundu, huko koridoni wawili wamelala, mmoja analia kama anachinjwa na mwingine kimya kabisa. Hatukuwa tumeambiwa kitu. Wengi wakakimbilia yule wa kulia, wengine wakatoa simu wakaanza kurekodi, na yule kimya, ambaye ndiye alikuwa anaigiza mtu hapumui, hakuna aliyemgusa. Mkufunzi akapuliza filimbi, akatukalisha hapo hapo chini akapitia kila kitu, nani alienda wapi na kwa nini. Mwenye kelele ana pumzi ya kupiga kelele, kwanza uende kwa aliyenyamaza. Kutoka hapo hata wale wa kusinzia waliamka.

Kwa kugawa kazi nawapa maksi zote. Ukipaza sauti ati "mtu aite ambulansi" hakuna mtu ataita, kila mmoja anajua mwenzake ameshapiga, basi unanyooshea mtu mmoja kidole, wewe wa shati ya bluu piga 1199, ukimaliza rudi uniambie wamesema nini. Hiyo ni laini ya Msalaba Mwekundu na haikuli kredo. Mwingine anatumwa hadi barabara kubwa angoje gari, juu mtaa wetu barabara hazina majina na dereva atazunguka tu, wa boda wanatoa pikipiki na kufungua njia, mzee mmoja anarudisha umati nyuma. Kuhusu umati mkufunzi alitukumbusha bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, watu wa maofisi hapo taoni Nairobi walisikia mlio wa kwanza wakaenda dirishani kuchungulia, bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Watu 213 walikufa siku hiyo, na wengi waliobaki hawaoni ni hao wa dirishani. Kwa hivyo volantia akisikia mlio kazi yake ya kwanza ni kutoa watu kwa dirisha.

Kusukuma kifua cha mtu hapumui pia walifunza poa, ndani sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukisukuma 30 unapuliza 2. Shida wadoli wa kufanyia mazoezi walikuwa wawili na sisi kundi zima, unapanga laini kama ya choo cha mkutano ukifika unasukuma kidogo unaambiwa mpishe mwingine. Hapo walitubania.

Kwa kuungua akasema maji yanayotiririka dakika 20, hakuna kolgeti, hakuna yai, hakuna unga. Mama mmoja akamuuliza, "Mwalimu, na huku kwetu maji inakuja Alhamisi?" Hakujifanya, akamwambia, "Basi mama, jerikeni na jagi, mimina polepole, kinga na karai urudie hayo hayo maji bora yawe masafi." Hivyo ndio nataka mkufunzi, anajibu swali la mtaa.

Pahali walianguka vibaya ni ile ya akili, yaani kusaidia mtu aliyeshtuka na yale ameona. Volantia akishavuta maiti ya mtoto kwa kifusi anarudi nyumbani na nini? Hiyo waliitupa Jumapili jioni watu wameshabeba mabegi, dakika chache, ati tazama mtu, msikilize, muunganishe na msaada, asanteni kwaheri. Kuna kijana wetu alikuwa kwa uokoaji wa ploti iliyoanguka, alikuwa na maswali, hakupata nafasi. Nilipouliza na volantia akiumia kazini nani analipa hospitali, mkufunzi akacheka akasema hiyo ni ya viongozi wenu.

Pia wanauza boksi la huduma ya kwanza, wachana nalo, glavu, bandeji na gozi zote ziko kemisti kwa bei ya chini.

Nyota nne kwa tano. Mkiwaita waambieni mapema slaidi zibaki ofisini, wadoli waongezwe, na ile ya akili iwekwe Jumamosi asubuhi watu wakiwa bado na nguvu. Sisi tumewaandikia hivyo kabla ya trening ya pili, wamekubali ya wadoli, ya asubuhi bado wanavutana na sisi.