Ramu ya miaka 15, wakanitilia barafu bila hata kuniuliza

Nianze na barafu, maana ndiyo inayonikera mpaka leo.

Ilikuwa majira ya baridi, Toronto, jioni ya katikati ya wiki. Nilikwenda kwenye baa moja, jina silitaji, kwa sababu moja tu: walikuwa na ramu, pombe kali ya miwa, ya Demerara kule Guyana, Amerika Kusini, iliyokaa miaka 15 kwenye mapipa ya mwaloni. Aliyenitia hamu ni mwenzangu kazini, Mguyana, kwao Port Mourant, alikozaliwa Cheddi Jagan, aliyekuwa rais wa Guyana. Mababu zake ni wale Wahindi ambao Waingereza walianza kuwapeleka Guyana mwaka 1838 kukata miwa, utumwa ulipokwisha. Kila tukila mchana hadithi yake ni ile ile, mtambo wa kwao wa kupikia ramu. Vyombo vyake viwili vya kuchemshia ni vya mbao! Mbao za greenheart, mti mgumu wa huko huko. Hawawashi moto chini yake, wanapitisha mvuke ndani. Kiwanda cha kwao kilishafungwa zamani, mtambo ukahamishwa, na sasa uko Diamond, ukingoni mwa mto Demerara, bado unapika ramu. "Usife hujaionja," aliniambia.

Basi nikakaa kaunta, nikaagiza. Nikageuka kuvua koti. Kugeuka tena, nasikia kwa, kwa, kwa. Glasi ndefu imejaa barafu mpaka juu, ramu yangu iko chini huko imegeuka rangi ya chai iliyopoa, na yule mhudumu ameshika chupa ya kola anamimina. Ametia na mrija.

Nikamwambia, ndugu, sikuomba hivyo. Hakuniangalia hata usoni. Akasema watu wote wanainywa hivyo, na kama nilitaka kavu ningesema mapema. Nikamuuliza, ungemfanyia hivi mtu aliyeagiza wiski ya Uskochi ya miaka 15? Akacheka puani, akaenda kuhudumia wengine.

Nilikasirika, sifichi. Miaka 15 kwenye joto la Guyana si sawa na miaka 15 kwenye ghala la Uskochi. Kule joto linanyonya pipa, kila mwaka sehemu kubwa ya ramu inapotea hewani, na kinachobaki ndicho kinachofika kwenye chupa. Na hiyo 15 ni umri wa ramu changa kuliko zote zilizochanganywa humo, nyingine ni kubwa zaidi. Mtu anakuja na koleo la barafu kuua kazi yote hiyo kwa sekunde tano!

Nikaagiza nyingine. Akasonya, akanimiminia kwenye glasi ndogo, na akanihakikishia kwamba nitalipa zote mbili. Nililipa dola 38.

Sasa hapo ndipo ninaposhindwa kuisema vibaya jioni ile. Nilipoisogeza puani, kabla sijaonja, nilirudi Moshi. Nimekulia jirani na mashamba ya miwa ya TPC, na harufu ya molasi, ule uji mweusi wa miwa unaopikiwa ramu, ninaijua kuliko manukato yoyote: nzito, tamu, ina uchachu kidogo na kama kitu kimeungua kwa mbali. Ilikuwa mle kwenye glasi. Nyuma yake ikaja ndizi iliyoiva mpaka ikapiga madoa, kahawa, halafu karakana ya seremala asubuhi, maranda bado mabichi sakafuni. Mdomoni ni laini, inateleza, kisha mwaloni unashika ulimi pembeni kama chai ya rangi iliyokolea. Nilikaa na glasi ile karibu saa nzima.

Nilitaka kuandika kwamba msikanyage pale. Lakini kwa kweli ni pale nilipoionja. Baadaye nilinunua chupa nzima dukani, nikainywa nyumbani kwa utulivu, na mara ya kwanza niliiona tamu mno, nikajiuliza labda hasira ndiyo iliyonifanya niipende kule baa. Mwenzangu akaniambia niimimine, niiache dakika ishirini, halafu ninuse upya. Nikafanya hivyo. Utamu ukarudi nyuma, mbao zikaja mbele, na ule moshi wa mbali ukatokea. Kwa hiyo hapana, haikuwa hasira. Ramu hii ni nzuri kuliko kinywaji chochote kikali nilichowahi kulipia, na nasema hivyo mimi ambaye sukari nyingi huwa inanishinda.

Ila baa ile sirudi. Au nitarudi siku mwenzangu akikubali tuongozane, nimwone yule kijana akimtilia barafu mtu wa Port Mourant. Na dola 19 za glasi ya kwanza bado nawadai.