Fundi wa kompyuta wa Kibuye: nyota 4, ya 5 imebaki kwa foleni

Niko na duka ya spea za bodaboda hapa Kondele, Kisumu, na kuna kijana aliniuzia programu ya stoki kwa shilingi 4,500, jina lake tuliache. Mimi sikuwa nafungua, nilikuwa nauliza tu dada wa kaunta. Sasa siku nimefungua mwenyewe, ile ya kubonyeza kulia unachagua administreta unaweka pasiwadi, naona brekishu 31. Kwa rafu ziko 12. Wewe ungefikiria nini? Nilimwambia huyo dada maneno mazito mbele ya wateja, na yeye analia akisema kwake kompyuta inaonyesha 12, mimi naona huu ni ujanja tu.

Fundi wa kwanza wa huko tauni aliangalia kidogo akasema tuzime ile kitu ya Windows ya kuuliza ruhusa, alafu Program Files, ile foda programu hukaa, yote ipewe ruhusa kila mtu aandike. Nikaona hapana, flashi za watu zinaingia hiyo laptopu kila siku, virusi ikija si itabadilisha programu yenyewe kama iko kwao?

Huyu wa Kibuye aliniuliza swali moja tu. "Mzee, nyinyi hufungua hii programu njia moja ama mbili?" Akaingia akaunti ya dada, akafungua foda za AppData, Local, VirtualStore, na hapo ndani kumbe kuna faili ya stoki ingine! Imeandikwa jana jioni. Ile ya Program Files haijaguswa tangu siku tuliingiza bidhaa mwanzo. "Huyo dada hajakuibia, mzee. Mko na daftari mbili."

Vile alinieleza ni hivi, tangu Windows Vista ya 2007 programu ikifunguliwa kawaida, bila nguvu za administreta, hairuhusiwi kuandika Program Files, lakini programu nyingi za kizamani zilizoea kuweka data hapo hapo, so badala zikwame Windows inazidanganya kiasi, inachukua kile programu inaandika inaficha kwa VirtualStore ya huyo mtumiaji, na programu inadhani imeandika mahali pake. Ukiifungua kwa nguvu za administreta huo uongo haupo, unasoma faili ya ukweli, ambayo kwangu ilikuwa nzee. Na hii hufanyika kwa programu za biti 32 (aina ya kizamani) zenye aliyetengeneza hakusema zinataka ruhusa gani. Yangu ndio hiyo. 4,500 bana.

Kurekebisha alianza na kukopi faili zote mbili kwa flashi (hapo nilimpenda), akahamisha data ya dada hadi foda mpya ndani ya ProgramData, mahali pa data ya programu za watumiaji wote, akaelekeza programu huko kwa setingi, akapea watumiaji ruhusa ya kuandika kwa hiyo foda moja pekee. Program Files haikuguswa. Tukafungua kwa akaunti mbili, 12 na 12.

Alichukua 800 kwa M-Pesa. Ubaya ni kungoja, kiti ni kimoja na kuna mtu amekikalia na printa yake, na siku ya soko usijaribu kabisa, mimi nilisimama karibu masaa mawili na jua ya Kisumu mnaijua. Enda asubuhi akifungua.

Dada wa kaunta nilimuomba msamaha. Bado ananijibu kwa kifupi.