Kutarizi kwa sufu: mti wa Waingereza au jani la mgomba?

Ukianza kutarizi kwa uzi wa sufu hapa Kampala, sindano haikusumbui sana. Kinachosumbua ni swali la nishone nini.

Wengi hunakili michoro ya Uingereza ya karne ya 17: mti wa uzima, majani makubwa yaliyojikunja, ndege na kulungu. Ina faida yake, maana kila jani ni darasa: ukingo kwa mshono wa shina (mishono inayopandana kidogo kama kamba iliyosokotwa), ndani mshono wa mnyororo, katikati vifundo. Ila mti mzima ni kazi ya miezi, na anayeanza huchoka kabla hajafika matawini.

Mimi naona bora jani la mgomba. Mshipa mmoja katikati, kisha mishono mirefu na mifupi ikipokezana kijani kibichi na cha manjano. Hata lile lililochanwa na upepo linafaa, kwani ukikosea nani atajua? Ukizoea, jaribu korongo mwenye taji. Taji lake la dhahabu ni mishono iliyonyooka tu.

Uzi nilifumua kwenye sweta la mtumba la soko la Owino, nikauosha na kuutundikia kijiko unyooke. Choma kipande kwanza: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, plastiki huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kata uzi usiozidi sentimita 40, ukiwa mrefu husuguliwa na kitambaa hadi ukakatika.