Pakiti ya rangi za mayai ya Pasaka: kabla hujanunua, angalia kwanza ganda

Nimeikuta kwenye duka la vifaa vya sherehe hapa mjini Mwanza, Kwaresima ikielekea ukingoni, kwa shilingi 9,000. Ndani kuna vidonge sita vya rangi (nyekundu, waridi, chungwa, njano, kijani na bluu), kijiko cha waya cha kuchovyea, kalamu ya nta na karatasi ya stika za sungura na vifaranga. Akina mama wenzangu wa Igoma wameniuliza kama inastahili hela hiyo. Mimi natengeneza batiki, rangi ndiyo inayonilisha na kusomesha wanangu, kwa hiyo niliichunguza kama ninavyochunguza rangi ninayotaka kuitia kwenye kitambaa cha mteja.

Rangi zenyewe ni nzuri, hilo niliseme mapema. Unaweka kidonge kwenye kikombe, unamimina vijiko vitatu vya siki, kinayeyuka kwa mapovu, kisha unaongeza maji. Wanangu Kulwa na Doto waliinamia vikombe hadi pua zikawa zinakaribia kulowa. Na kweli kuna la kutazama: yai likizama tu, vipovu vidogo vinaanza kujipanga juu ya ganda lote, vinakua, vinaachia, vinapanda juu. Ganda la yai sehemu kubwa ni chokaa, siki ni asidi, na vikikutana hutoa hewa ya kabonidioksidi. Siki hiyohiyo ndiyo inayoifanya rangi ishike. Ukiweka maji matupu, rangi nyingi zitabaki hafifu.

Sasa shida iko kwenye picha ya pakiti. Mayai yote pale ni meupe kama chokaa ya ukutani. Trei ninayonunua mimi, na nadhani unayonunua wewe, ni ya mayai ya kisasa, ya kahawia. Kwenye ganda la kahawia kidonge cha njano kilipotea kabisa, huwezi kujua kama yai limechovywa. Waridi ikawa kama kutu. Chungwa ikaongeza ukahawia juu ya kahawia. Nyekundu ilitoka vizuri, nzito, ya kupendeza. Bluu iligeuka kijani cha giza, nayo ni nzuri, ila mtoto aliyeahidiwa bluu hataki kusikia habari ya kijani. Mtu wa batiki hashangai: rangi ya kuchovya haifuniki iliyo chini yake, inachanganyika nayo. Lakini mama aliyetoa 9,000 akiwa na watoto wanne wanaomsubiri mezani alistahili kuandikiwa hilo kwenye pakiti, hata kwa mstari mmoja. Maelezo yote ni ya Kiingereza na Kijerumani.

Kwa hiyo tafuta mayai ya kienyeji. Yana bei zaidi na ni madogo, ila ukimwomba muuzaji akuache uchague, utapata meupe au yanayokaribia weupe. Kwenye hayo pakiti inatoa kila ilichoahidi, hata ile njano.

Kitu bora kuliko vyote ndani ya pakiti ni kalamu ya nta, na hapo siwezi kuficha furaha yangu. Unachora juu ya yai lililochemshwa na kupoa, huoni kitu, unalichovya, na pale ulipochora rangi haiingii. Ndiyo batiki hiyohiyo, ya kuzuia rangi kwa nta kwenye kitambaa! Doto alichora mtumbwi na samaki watatu chini yake, akalitia yai kwenye nyekundu, na lilipotoka mistari yake yote ilikuwa imesimama myeupe kwenye wekundu. Alikaa kimya, akaomba yai jingine. Watu wa Ukraine wana ufundi huu tangu zamani; wao huchora kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, wakachovya kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito, wakiongeza nta kila hatua, na mwisho huipasha moto na kuifuta. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi wangu wa batiki habari hizo. Safari hii nilikuwa na yai mkononi la kuwaonyesha. Ukikosa kalamu, kipande cha mshumaa mweupe kinafanya kazi ileile, mradi ukikandamize sawasawa.

Kwa wenzangu wa kazi hii nasema kwa msisitizo: rangi ya batiki isiguse yai la kuliwa. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, na kostiki na haidro, kemikali kali tunazotumia kutia rangi kitambaani, si vitu vya kukaribia chakula cha mtoto. Vyombo vya kazi navyo vibaki kwenye kazi.

Kama hela ya pakiti haipo, sikuoni umepungukiwa, maana jiko linaweza kuzidi pakiti kwenye yale mayai ya kahawia. Nenda Soko la Mlango Mmoja kwa muuza vitunguu, umwombe maganda. Nilipomwomba aliniuliza, "Mama, maganda matupu? Ya kufanyia nini?" Akanijazia mfuko bure, ya vile vitunguu vyekundu vya Singida. Yachemshe ya kutosha kujaza sufuria ndogo hadi maji yawe kama chai ya rangi iliyokolea, ongeza siki kidogo, pika mayai humohumo. Yanatoka na wekundu wa udongo mzito, na ganda la kahawia linausaidia badala ya kuupinga. Ukitaka pambo, bandika jani la giligilani juu ya yai bichi lililolowa, livishe kipande cha soksi ya nailoni, kaza na uzi, ndipo upike. Jani likitoka linaacha umbo lake, hadi vile vijino vya pembeni. Nililiweka la kwanza dirishani na jirani yangu alidhani nimelichora kwa brashi.

Manjano ya unga inatoa njano safi kwenye mayai meupe, ila inashika vidole na kitambaa cha meza, kwa hiyo vaeni nguo za kushindia. Choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, ndiyo iliyowashangaza watoto zaidi. Maji yake mekundu kabisa, nao wakasubiri yai jekundu, likatoka la kijivu chenye ubuluu. Rangi ya choya hubadilika ikiacha asidi na kukutana na chokaa ya ganda. Kulwa alitaka kurudia ili ahakikishe hakuna aliyembadilishia kikombe, nami nikamwacha arudie.

Mengine ya pakiti ni ya haraka. Kijiko cha waya ni dhaifu, kinajikunja yai likiwa hewani. Tumia kijiko cha supu. Stika hazishiki kwenye ganda lenye unyevu, na Pasaka yetu huangukia masika, hewa imelowa. Mayai yalichukua muda mrefu kukauka kuliko maelezo yanavyosema. Yaache kwenye trei ya karatasi, uyageuze, usiyafute.

Stika za sungura zilileta swali nililolipenda: sungura anahusikaje na mayai? Nikawaambia hiyo ni desturi ya Wajerumani, ya sungura anayewaletea watoto mayai. Na mayai yenyewe? Zamani Wakristo wengi wa Ulaya hawakula mayai wakati wa Kwaresima, kuku hawajui mfungo, mayai yakarundikana hadi Pasaka. Tena huko kwao kuku wa asili hupunguza kutaga majira ya baridi siku zinapokuwa fupi, wakaanza tena mwanga unaporudi, ndiyo maana yai kwao ni dalili ya majira mapya. Hapa Mwanza tuko karibu na ikweta, mchana ni karibu uleule mwaka mzima na kuku hana sababu hiyo ya kusubiri. Waorthodoksi hupaka mayai yao mekundu kukumbuka damu ya Kristo, na hilo wanangu walilielewa mara moja kuliko sungura. Yai jekundu lenye mtumbwi ndilo Doto alilochagua kumpelekea bibi yake baada ya ibada.

Kuhusu kula: chemsha hadi yaive kabisa, kama dakika kumi na mbili kwa yai la kisasa, na yakishapoa na kupambwa yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwenye friji yanakaa wiki moja. Lililopasuka wakati wa kuchovya litaonyesha michirizi ya rangi kwenye ute mweupe. Rangi hizi ni za chakula, halina neno. Sisi tuliyala Jumatatu ya Pasaka kwa kachumbari na chumvi.

Naipa pakiti nyota tatu kati ya tano, nne kama una mayai meupe. Mwenye duka ni msikivu, nilimrudia nikamweleza habari ya ganda la kahawia, naye akasema mwakani atajaribu kuagiza kalamu za nta peke yake. Akizileta, hizo nitachukua boksi zima, nyingine za nyumbani na nyingine za darasa la batiki.