Maranda, pumba, mchanga na unga wa kukaushia: nimevijaribu vyote bandani mvua ikinyesha

Haya jamani, karibuni tena. Leo niko ndani ya banda kabisa, hizo kelele ni za kuku na hiyo ngurumo juu ya bati ni mvua, nimeisubiri makusudi maana kumwonyesha mtu kitu cha kukausha sakafu siku ya jua ni kumdanganya, jua likiwaka chochote kinakausha.

Nimeligawa banda vyumba vinne kwa mbao, kuku idadi sawa kila chumba, sakafu ya sementi. Kuna mchanga, kuna pumba za mpunga, kuna maranda, na hiki cha nne ni maranda pia ila nanyunyizia huu unga wa mfuko unaoandikwa unakausha banda na kuondoa harufu. Wiki sita za mvua. Twende.

Mchanga ndio umeniangusha kwa hiyo naanza nao. Watu wanausifu sana mtandaoni na nahisi wengi wao wanafuga sehemu kavu, kwa sababu mchanga haunywi maji, unayapitisha tu. Kama chini kuna pa kwenda sawa, ila kwenye sementi yanashuka yanakaa pale pale. Angalia hapa, juu pakavu kabisa, unaweza kukaa, sasa nachimbua kwa kidole hivi... umeona? Uji. Na hewa yenyewe ina unyevu kwa hiyo haukauki. Kwangu msimu wa mvua, hapana.

Pumba za mpunga ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Ni nyepesi, hazigandamani haraka, na kuku wanazichakura kutwa nzima, wakichakura wanakugeuzia wenyewe. Shida hazinywi maji mengi, pale chini ya chombo cha maji yalipita moja kwa moja hadi sementini. Na kabla hujazimwaga ingiza pua kwenye gunia, zikinuka uvundo au ukiona ukungu zirudishe, ukungu ule unaingia kwenye mapafu ya kuku na vifaranga ndio wanakufa.

Maranda yameshinda. Nasema maranda, yale ya randa, mapana yaliyojikunja, sio vumbi la mbao. Vumbi likilowa linakuwa keki, likikauka linapeperuka, na vifaranga wanalila wakidhani chakula. Na uliza mbao zilikuwa za nini, zilizopakwa dawa za kuzuia wadudu usilete bandani. Kina chake usiogope kujaza, mimi naanza sentimita 10 mpaka 15, ukiweka kidogo kidogo yanalowa yote siku ya kwanza halafu unasema maranda mabaya.

Sasa huu unga. Nilikuwa na matumaini nao kweli. Siku mbili za mwanzo harufu ilipungua nikafurahi, siku ya tatu imerudi, na maranda yake nikiyashika yana unyevu ule ule wa chumba cha maranda matupu. Ukifikiria ni kawaida, kopo moja la unga litakunywaje maji ya kuku wote hawa, kinyesi chenyewe karibu robo tatu ni maji! Sirudii kuununua. Na kuhusu chokaa, maana najua mtauliza: chokaa ya kujengea inaunguza miguu na macho ya kuku, acha kabisa, na hata ile ya shambani usiimwage juu ya kinyesi kibichi ukitegemea harufu itaisha, chokaa inaisukuma amonia, ile hewa kali ya kinyesi inayowasha macho, itoke kwa wingi zaidi.

Kitu kilichobadilisha sakafu yangu kuliko matandazo yote haya hata sio tandazo, ni hizi drinka za chuchu, vya kunyweshea kuku maji. Njoo karibu na kamera. Kuku anagonga kwa mdomo, tone linashuka, anameza. Kwenye kile chombo cha maji chenye umbo la kengele akinywa anainua kichwa na maji yanamchuruzika kidevuni, ukimwangalia dakika tano utaona duara lote la chombo limelowa. Kama bado unatumia kengele ipandishe ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku. Chuchu zinakaa juu zaidi, anyooshe shingo kuifikia. Kasoro yake ni hii, uchafu kidogo ukiingia chuchu haifungi, inadondosha usiku kucha, ilinitokea nikakuta asubuhi maranda yamelowa upana wa sinia. Kwa hiyo kila jioni napitisha kiganja chini ya kila chuchu, naweka chujio kwenye tangi, basi.

Hewa pia, jamani hewa. Mvua ikianza watu wanaziba banda zima kwa maturubai, wanaona wanawaonea huruma kuku, kumbe kuku anapumua mvuke usiku kucha, mvuke unapanda unagusa bati la baridi unarudi chini kama mvua ya pili. Ziba chini upepo usiwapige, ila juu karibu na paa acha uwazi pande zote mbili, na upenu utoke nje vya kutosha manyunyu yasiingie. Na kama maji ya mvua yanatiririka kuingia bandani acha hii video kwanza kachimbe mtaro.

Kwa nini nahangaika hivi: vimelea vya kuhara damu vikitoka kwenye kinyesi vinahitaji unyevu na joto kukomaa, siku moja mbili tu tayari vinaambukiza. Sakafu kavu unavinyima nafasi. Na huyu tetea, shika mguu wake uone, kile kidonda cheusi chini ya wayo ni cha maranda yaliyolowa, alikuwa chumba cha mchanga... samahani, mchanga uliolowa, nimemhamisha.

Kupima usinunue kifaa. Piga goti, pua iwe usawa wa kuku, amonia inatoka huku chini kwenye kinyesi, anakopumua yeye, macho yakikuwasha umeshachelewa. Halafu chukua konzi ya maranda ukamue. Yakishikana kidogo yakaachia ukifungua mkono, safi. Yakitimka vumbi, makavu mno. Yakibaki donge, toa.

Ngoja nichukue hapa katikati... yameachia, unaona. Sasa chini ya fito wanazolalia, hapa ndipo kinyesi cha usiku kinarundikana... donge. Hili limebaki na alama za vidole vyangu. Nishikieni kamera, nalitoa hili eneo lote sasa hivi kabla giza halijaingia, niwawekee makavu walale.