Dawa ya zege kabla ya mvua: inayong'aa au inayonywewa?

Mbukwenyi wadau! Leo niko kwenye njia ya gari ya nyumbani, hapa Kisasa, Dodoma, na mbele yangu kuna ndoo mbili za dawa ya kukinga zege. Hii ni ya akriliki, ile inayoacha utando unaong'aa. Hii nyingine ni ya sileni na siloksani, nyepesi kama maji. Zege linainywa, halibadiliki sura.

Zote zimeandikwa zipakwe kabla ya majira ya baridi. Msicheke. Huko kwenye barafu maji yakiingia kwenye vitundu vya zege huganda na kuvimba kwa asilimia 9 hivi, uso ukabanduka magamba. Baridi yetu ya Julai haifiki huko. Sisi tunaiwahi mvua ya Desemba, tope na oili.

Nimeigawa njia katikati. Sogeza kamera chini hapa. Mnaviona hivi vipele, upande wa kushoto? Akriliki, lakini kosa ni langu. Nilipaka saa saba mchana, zege linachoma nyayo. Hewa ya kwenye vitundu ikapanuka, ikapanda, ikakuta juu utando umeanza kukauka. Na upepo wa huku mnaujua: unafagia, unageuka kuchukua rola, vumbi limesharudi. Hizi chenga zimenasa kwenye utando, hapa ndipo makazi yao sasa. Kile kipande cha mwisho nilikipaka saa kumi na moja jioni, hakina kipele hata kimoja. Ila mwaga maji, pita na kandambili, utaniambia. Kunateleza.

Twende kulia. Namwaga kikombe cha maji. Oneni matone yalivyosimama, kama juu ya jani la gimbi! Na kwa macho huwezi kujua nimepaka kitu. Kasoro yake ni oili. Juzi ilidondoka kidogo pande zote mbili: kushoto nilifuta kwa kitambaa ikatoka, kulia doa hilo hapo.

Fundi alitaka tupake siku ya kumi tangu zege limwagwe. Nikamwambia, kaka, tusubiri 28. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kumwagilia tu na kufunika magunia mabichi, maana kwa jua hili zege linakauka kabla halijakomaa, na ukilikosea hapo usitegemee ndoo ikuokoe. Kabla ya kupaka nilibandika kipande cha nailoni, solotepu pande zote, kikalala hapo mpaka asubuhi. Ukikuta jasho chini yake, ahirisha, hasa kama ni akriliki. Unyevu ukinaswa utando unafanya ukungu mweupe.

Bei sitaji, nikiitaja leo kesho duka limebadilisha.

Mimi nabaki na ya kulia, njia nzima. Akriliki ningeiweka pale gari linapolala tu, chini ya paa, kwa ajili ya oili. Huu upande wa kushoto naukwangua kabla mawingu hayajakusanyika, na mama watoto ameshasema hashiki brashi.